Wenye vitambi wanatuacha majini: kwenye mashindano ya maveterani, uzito una kazi gani hasa?

#1 NjiaYaNane (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naogelea mashindano ya watu wazima, rika la 40 hadi 44, mtindo huru mita 200 na 400. Mimi ni mwembamba, mbavu zinahesabika. Chakula napima, uzito napima kila asubuhi kabla hata ya kunywa maji, na msimu huu nimeshuka kilo kadhaa makusudi nikiamini wepesi ndiyo mbio.

Mashindano yaliyopita njia ya jirani kapanda jamaa ana kitambi cha kuwekea sahani. Nikasema moyoni, huyu leo amekwisha. Kufika mita 100 nikawa naziona nyayo zake. Kufika 150 hata nyayo sizioni, nameza mapovu tu. Na muda wangu mwenyewe ulikuwa mbaya kuliko wa msimu uliopita nilipokuwa mzito.

Kilichoniuma zaidi kilitokea baada ya kutoka majini. Yule bwana kasimama kifua wazi anapiga soga na waamuzi, tumbo liko mbele, hana habari. Mimi niliyejinyima muda wote huo nimejifunga taulo mpaka kwapani, kwa sababu naona bado kuna nyama pembeni ya kiuno. Mwenye maelezo ya mwili aje, na mwenye maelezo ya kichwa changu naye aje.

#2 MchunguliaDirisha

Nimeweka kambi hapa. Mwenye kitambi akipita atupe siri ya mafanikio, wengine mtaji tunao tayari, bado kujua kuogelea tu.

#3 Fizikia_Tupu

Mkuu, hapa hakuna uchawi. Sentimita moja ya ujazo ya mafuta ya mwili ina gramu 0.9 hivi, ya misuli inafika 1.06, ya maji ni 1. Mafuta yanaelea, misuli inazama. Mwembamba mwenye mapaja magumu miguu yake inashuka, mwili unakaa mshazari, na eneo linalokabiliana na maji linakuwa kubwa. Halafu ukinzani wa maji haupandi taratibu: ongeza kasi mara mbili, maji yanakuzuia mara nne.

Hii ndiyo sababu mojawapo wanawake wengi, ambao mafuta yao yako nyongani na mapajani, hutumia nishati kidogo kuliko wanaume wakienda kasi ileile. Miguu yao inainuliwa bure. Wewe ulipojikondesha ulitupa boya lako mwenyewe.

#4 KochaMstaafu

Fizikia, umesoma ukurasa mmoja ukafunga kitabu. Tumbo nalo lina upana, na upana huo unapita majini pia. Tena mbio hazianzi majini, zinaanzia juu ya jukwaa la kurukia. Pale, na kila unapogeuka ukutani, mwili mzito unahitaji nguvu zaidi ili uondoke. Mita 50 mwenye kilo za ziada analipa. Mita 400 anaweza kurudishiwa kidogo kwa kule kuelea. Kwa hiyo jibu la mita 50 si jibu la mita 400, na la maji ya bahari si la bwawa.

Lakini mimi hata huko siendi. Nimefundisha watu wazima muda mrefu na jambo lenyewe ni hili: mwenye kitambi anayekuacha karibu kila mara aliogelea tangu utotoni. Mkono wake unashika maji, wako unateleza. Kichwa chake kimetulia, chako kinapanda kutafuta hewa na kiuno kinashuka. Usimpe mafuta sifa ya kazi iliyofanywa na kiwiko. Mleta mada, kwa mita 50 unavuta mikono mingapi? Ukinijibu zaidi ya 45 tufunge uzi.

#5 MchunguliaDirisha

Mleta mada kimyaaa. Anahesabu.

#6 BintiMawimbi

Nimesoma #1 mpaka mwisho nikaona nyote mmejibu habari ya mwili, habari ya taulo mmeiruka.

Nilikuwa na miaka 15 kwenye timu. Kila Jumatatu tulipanga foleni mbele ya mizani tukiwa na nguo za kuogelea, kocha anasoma kilo kwa sauti, msaidizi anaandika ubaoni. Aliyepanda alizunguka bwawa akikimbia huku wenzake wakimtazama. Hakuna aliyewahi kutueleza kilo zile zinahusianaje na muda wetu. Mimi nilianza kuacha chakula cha Jumapili, baadaye na cha Jumamosi. Muda haukushuka. Nywele ndizo zilizoshuka.

Niliacha mchezo, nikarudi nikiwa mama wa watoto wawili. Hakuna anayenipima sasa, na bado nikipanda jukwaani nasikia ile sauti ikisoma namba. Vazi la mashindano ndilo linalomaliza kabisa: linapanda kwa kuvutwa kidogokidogo, chumba cha kubadilishia watu wawili wanakusaidia, na likishaingia nyama zote zilizokosa nafasi zinajitokeza mgongoni. Unatoka pale umeshachoka kabla ya kipyenga.

Kwa hiyo NjiaYaNane, wembamba haukuondoi aibu. Mimi nilipokuwa mwembamba kuliko wote ndipo nilipoona aibu kuliko wakati wowote.

#7 KipepeoMlafi

Dada #6 pole sana. Ila kwa wengine nasema hivi, mnajitesa bure. Michael Phelps alikuwa anakula kalori 12,000 kwa siku na amebeba medali za Olimpiki 28. Kuleni mwogelee, bwawa linachoma kila kitu.

#8 TabibuWaZamu

Hiyo 12,000 Phelps mwenyewe aliikana. Alichosema ni kati ya 8,000 na 10,000 alipokuwa kileleni, na hapo alikuwa kijana anayeishi majini karibu siku nzima. Wewe KipepeoMlafi una kazi ya mezani na bwawa unaliona jioni. Medali 28 ni kweli.

#9 KipepeoMlafi

Tabibu, umeniachia medali ukaninyang'anya chakula. Si haki.

#10 MamaMgongo

Wanangu, mimi niko rika la 55 hadi 59, naogelea mgongo, na niliingia kwenye mchezo huu kwa sababu daktari aliniambia utanipunguza. Haukunipunguza. Umenipa mabega, umenipa usingizi mzuri, shinikizo la damu limetulia, lakini kiuno kimeongezeka. Hedhi ilipokoma mafuta yakahama, yakatoka mapajani yakaja tumboni, nami nikiwa majini karibu kila asubuhi.

Nikitoka bwawani nina njaa ya ajabu. Nikitembea kwa miguu saa nzima sina njaa ile. Nani anaweza kunieleza? Nauliza kwa wema, maana wenzangu wananiambia nakula kwa siri.

#11 KabatiLaVitabu

Shikamoo Mama. Hauko peke yako, ni ubishi wa miaka mingi.

Mwaka 1987 mtafiti Grant Gwinup alichapisha matokeo ya wanawake wenye uzito uliozidi aliowagawa makundi matatu: watembeaji, waendesha baiskeli, waogeleaji. Hakuna aliyezuiwa kula. Watembeaji walipungua, wa baiskeli walipungua, waogeleaji uzito haukushuka. Tangu hapo watu wanasema kuogelea hakupunguzi.

Kuhusu njaa, mwaka 2005 kikundi cha Florida kiliwafanyisha wanaume mazoezi ndani ya maji ya nyuzi 20 na ya nyuzi 33, kisha wakawaachia chakula. Waliotoka kwenye maji baridi walikula asilimia 44 zaidi ya waliotoka kwenye maji ya vuguvugu. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa, na bwawa la mashindano ni nyuzi 25 hadi 28, chini ya joto la mwili kwa mbali. Mwili unapoa, unadai.

#12 TabibuWaZamu

Naongeza mawili kwa #11. Wale wa 2005 hawakuogelea, waliendesha baiskeli iliyozamishwa majini, tusiwahamishie waogeleaji kila kitu. Na ya Gwinup ina jibu lake: mwaka 2010 Australia walichapisha matokeo ya wanawake wa miaka 50 hadi 70 waliokuwa hawafanyi mazoezi, wengine wakaogelea, wengine wakatembea. Baada ya mwaka waogeleaji walikuwa wamepungua kwa takriban kilo moja zaidi ya watembeaji. Rika lako hasa, Mama.

#13 MamaMgongo

Marahaba KabatiLaVitabu, asante. Tabibu, kilo moja kwa mwaka mzima? Mimi hiyo naipoteza na kuirudisha kati ya Ijumaa na Jumapili.

#14 Fizikia_Tupu

Nirudi kwa KochaMstaafu. Kiwiko nakubali, lakini chukua watu wawili wenye kiwiko kilekile, mmoja miguu inaelea na mmoja inazama. Nani anatumia nguvu kidogo? Jaribio rahisi: jilaze kifudifudi, mikono mbele, usipige miguu, hesabu sekunde mpaka visigino vizame. Mimi vinazama kabla sijafika tano. Mke wangu analala pale mpaka hewa imwishie.

#15 KochaMstaafu

Na mkeo anakushinda?

#16 Fizikia_Tupu

Tusiingize familia kwenye mada.

#17 KitambiHuru

Nimetumiwa uzi huu na mtu niliyeshindana naye. Sijui kama ndiye mimi anayesemwa #1, ila kitambi kinafanana, mita 400 ni zangu, na soga na waamuzi huwa napiga.

KochaMstaafu kapatia, nilianza kuogelea nikiwa na miaka saba. Nikaacha kwa muda mrefu, nikanenepa, nikarudi. Mkono ulikumbuka, tumbo halikuondoka. Ukitaka siri ni hiyo tu, MchunguliaDirisha, na haiuzwi.

Lakini NjiaYaNane, umesema sina habari. Unajua kwa nini naongea na waamuzi? Nikinyamaza nasikia macho. Mtu akicheka upande wa pili wa bwawa, hata kama anacheka na simu yake, najua ananicheka mimi. Nikimaliza wa mwisho watu wananipigia makofi ya huruma: "hongera, angalau unajaribu." Nikimaliza wa kwanza wananiangalia kana kwamba nimeiba. Hakuna siku nimepewa pongezi ya kawaida tu. Wewe umejificha ndani ya taulo, mimi nimejificha ndani ya maneno.

#18 MchunguliaDirisha

Wakuu mimi nilikuja kucheka.

#19 NjiaYaNane (mleta mada)

KitambiHuru, sijui niseme nini zaidi ya kwamba siku ile ulinichapa vizuri. Kocha, naona ulishaanza kunifungia uzi: ni mikono 52. Naomba tuendelee.

Ila bado sijajibiwa kitu. Sawa, ana mkono mzuri. Mbona na mimi mwenyewe nilikuwa na kasi zaidi nilipokuwa mzito? Mkono wangu ni uleule mbovu.

#20 TabibuWaZamu

Hapo ndipo ninapoona tatizo, na nilikuwa nasubiri uliseme mwenyewe. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa waraka kuhusu upungufu wa nishati katika michezo, ukahuishwa 2018 na tena 2023. Hoja yake ni kwamba mtu anayefanya mazoezi mengi huku anakula chini ya mahitaji, mwili unaanza kuzima vitu: homoni zinashuka, kinga inadhoofika, mifupa inapungua, hisia zinavurugika, na kasi inaanguka. Zamani ilisemwa ni habari ya wanawake tu kwa sababu hedhi ikikoma inaonekana. Wanaume nao wanapata, ila dalili zao, kama testosteroni na hamu ya tendo kushuka, hawazisemi.

Kwa mwogeleaji kuna kiambatisho kibaya. Maji yanakubeba, kwa hiyo mifupa haipati mishtuko ya kukimbia na kuruka. Waogeleaji wa miaka mingi mara nyingi mifupa yao ni kama ya mtu asiyefanya michezo, wakati wakimbiaji na warukaji wana mifupa mizito zaidi. Ukijinyima chakula juu ya hapo, na umevuka 40, unakata pande mbili. Anayepima uzito kila asubuhi kabla ya kunywa maji aende akamwone mtaalamu, asiishie kwetu.

#21 KochaMstaafu

Tabibu kasema vizuri lakini msiruke moja kwa moja kwenye ugonjwa. Inawezekana pia mleta mada alikuwa amechoka tu, au msimu uliopita alipumzika vizuri kabla ya mashindano na msimu huu hakupumzika.

Na hapo kuna mtego wa mizani. Wiki za mwisho ukipunguza mazoezi, misuli inajaza akiba ya wanga, na kila gramu moja ya akiba hiyo inashika karibu gramu tatu za maji. Uzito unapanda kilo moja, pengine mbili. Mwanariadha anaona mizani, anaingiwa na hofu, anaacha kula siku tatu kabla ya mbio. Ameimwaga petroli yake mwenyewe kwa kuwa tangi lilionekana zito. Nimewaona wengi, na wengi wao walikuwa watu wenye akili zao na kazi nzuri.

#22 BintiMawimbi

KitambiHuru #17, nimekuelewa na nimekuheshimu. Lakini hebu tuseme ukweli wote. Mwanamume mwenye tumbo anaitwa bosi, anatambulika kwa muda wake. Mwanamke anaitwa amejiachia. Vazi lako linaanzia kiunoni, letu linaanzia begani mpaka gotini, na bado ninyi ndio mnaotazamwa kidogo.

Leisel Jones wa Australia alikwenda Olimpiki ya London 2012, ya nne kwake, bingwa aliyekwisha kuchukua dhahabu. Vyombo vya habari vya kwao vikachapisha picha zake na kujadili kama mwili wake unafaa kushindana. Akatoka London na medali ya fedha ya mbio za kupokezana. Hiyo medali wangapi wanaikumbuka?

#23 KipepeoMlafi

Wanaume pia wanachekwa dada. Robel Kiros Habte wa Ethiopia, Rio 2016, mita 100 mtindo huru, aliogelea kwa zaidi ya sekunde 64 akawa wa mwisho kwenye mchujo. Mitandao ikamwita nyangumi dunia nzima.

#24 KabatiLaVitabu

Kwa Robel yalichanganyika mambo. Baba yake alikuwa rais wa shirikisho la kuogelea la nchi yao, kwa hiyo wengi waliuliza nafasi ile kaipataje. Ungeweza kuuliza hilo bila kumgusa tumbo. Walianza na tumbo.

#25 BintiMawimbi

Ndiyo maana yangu. Robel alichekwa kwa kuwa wa mwisho akiwa na tumbo. Leisel alichekwa kabla hajaingia majini.

#26 MkiaWaSamaki

Nimechelewa, nimesoma yote. Mmesahau mavazi. Zile nguo za mpira za mwaka 2008 na 2009 ndizo zilizoonyesha ukweli kuhusu mafuta. Zilibana mwili wote, kinachotikisika kikatulia, mwenye nyama laini akateleza majini kama aliyekaza. Pia zilielea. Waliofaidi zaidi, naona mimi, ni wenye miili isiyokaza, kisha zikapigwa marufuku baada ya Olimpiki ya Beijing ya 2008.

#27 KabatiLaVitabu

Marufuku haikuja mara baada ya Beijing. Msimu wa 2009 bado zilitumika, tena zaidi: ubingwa wa dunia wa Roma zilivunjwa rekodi za dunia 43. Paul Biedermann alivunja ya Ian Thorpe ya mita 400 mtindo huru kwa tofauti ya sekunde 0.01. Marufuku ilianza rasmi tarehe 1 Januari 2010. Tangu hapo ni kitambaa tu, wanaume kiunoni hadi gotini, wanawake begani hadi gotini.

#28 Fizikia_Tupu

MkiaWaSamaki amenisaidia bila kujua. Kama kuelea hakuna maana, nguo inayoelea ilipigiwa kelele za nini?

#29 KochaMstaafu

Ilibana, Fizikia. Ilipunguza upana na mtikisiko. Hoja yako inasema mafuta yanasaidia, nguo ile ilisaidia kwa kuyaficha. Chagua moja.

#30 Fizikia_Tupu

Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

#31 MchunguliaDirisha

Hapo ndipo mwanafizikia anapogeuka mwanasiasa.

#32 ChumviNyingi

Ninyi watu wa bwawa mna matatizo ya kujitakia. Njooni bahari ya wazi. Kwenye kuvuka mlangobahari wa Uingereza na Ufaransa, kilomita kama 33 pakiwa pembamba, maji nyuzi 15 hadi 18, kanuni za jadi za kuvuka haziruhusu nguo ya kuhifadhi joto. Kule mtu anatafuta kilo za ziada kabla ya msimu kwa makusudi, na hakuna anayemsema.

Lynne Cox, mwogeleaji wa Marekani, mwaka 1987 aliogelea kwenye Mlangobahari wa Bering kutoka kisiwa cha upande wa Marekani hadi cha upande wa Urusi ya Kisovieti, zaidi ya saa mbili kwenye maji ambayo wengi wetu tungetoka baada ya dakika chache. Watafiti walikuwa wameshampima mara nyingi wakijiuliza mwili wake unahifadhije joto. Tabaka lake la mafuta lilikuwa sehemu ya jibu, na yeye hakulionea haya. Mwili uleule bwawani ungeitwa mzembe.

#33 KitambiHuru

ChumviNyingi, nilijaribu bahari. Kitambi kilifurahi, mimi nilitapika. Mawimbi hayana habari na tabaka la mafuta.

#34 TabibuWaZamu

Na mafuta hayatoshi huko. Mwenye mafuta mengi asiyezoea baridi bado anaweza kupata mshtuko wa maji baridi dakika za kwanza akavuta maji. Mwili unafundishwa taratibu. Tusimpe mtu ruhusa ya kuruka baharini kwa kuwa ana kitambi.

#35 MamaMgongo

Mimi nina swali la wanawake wa umri wangu. Dara Torres, mwogeleaji wa Marekani, alikuwa na miaka 41 Beijing, akachukua medali tatu za fedha, mita 50 akakosa dhahabu kwa sekunde 0.01. Wenzangu wamebandika picha ya tumbo lake kwenye kabati za nguo. Wanasema ndilo lengo. Mimi nikilitazama nafurahi kwa ajili yake, kisha naenda kuvaa, na furaha inaisha. Mfano mzuri unaweza kumdhuru mtu?

#36 BintiMawimbi

Unaweza, Mama. Torres mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alipokuwa chuoni alisumbuliwa na bulimia, kula kwa fujo na kujitapisha. Amanda Beard, mwenye medali saba za Olimpiki, naye amesema hivyohivyo kuhusu maisha yake. Picha ya kabatini haisemi hayo.

#37 KipepeoMlafi

Kwangu picha inasaidia. Naiangalia, naingia majini. Sote si sawa jamani, msifanye kila kioo kuwa adui.

#38 MkiaWaSamaki

Naungana na KipepeoMlafi. Mimi nilishuka uzito taratibu, bila kujinyima, kwa kuacha kula usiku wa manane tu, na muda wangu wa mita 100 mtindo wa kipepeo ukashuka pia. Kwa mtindo huo unajiinua mwenyewe juu ya maji kila mkono. Kilo zinasemwa sana kwenye uzi huu kana kwamba hazina kazi kabisa. Zina kazi, inategemea mtindo.

#39 KochaMstaafu

Hilo nalikubali kwa herufi kubwa. Kipepeo ndiyo kodi ya kila kilo.

#40 NjiaYaNane (mleta mada)

Nimeongea na mke wangu jana usiku kuhusu #20. Amecheka kidogo, kisha hakucheka. Mizani ameificha. Nimeitafuta kabatini na chini ya kitanda, haipo, na nimeshangaa jinsi nilivyohangaika kuitafuta.

Nina miadi na mtaalamu wa lishe. Kocha, mikono 52 nifanyeje?

#41 KochaMstaafu

Kila zoezi, ukishapasha mwili, ogelea mita 50 polepole ukihesabu. Jisukume ukutani, teleza mpaka kwenye bendera zilizotundikwa juu ya bwawa kabla ya kuvuta. Usiharakishe mkono wa mbele, uache unyooke. Ukifika 46 bila kuongeza muda nitafute. Na kula asubuhi, nisikusikie.

#42 ChumviNyingi

Kuna kitu hakijaguswa: kunyoa. Watu wazima wanajikata kilo kwa miezi wakati wembe unatosha. Mwaka 1989 Sharp na Costill walipima waogeleaji wa mtindo wa kifua kabla na baada ya kunyoa mwili, na baada ya kunyoa lakteti kwenye damu, ile inayoongezeka misuli ikifanya kazi ngumu, ilikuwa chini kwa kasi ileile.

#43 KitambiHuru

Kwa hiyo ninyoe tumbo lote hili? Wembe mmoja hautoshi.

#44 MamaMgongo

Mwanangu, anza na mgongo, tumbo litafuata.

#45 Fizikia_Tupu

Nywele zinaongeza msuguano wa ngozi, lakini sehemu kubwa ya ukinzani kwa kasi zenu inatokana na umbo na mawimbi. Mwogeleaji mrefu huwa anapata nafuu kwenye mawimbi. Sasa nani aanzishe uzi wa urefu? Mimi nina sentimita 168 na nina machungu yangu.

#46 MchunguliaDirisha

Anzisha, nakuja na mkeka.

#47 SamakiMchanga

Habari wakuu, mimi mgeni humu. Nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Kwa hiyo kuogelea kunapunguza kitambi au hakupunguzi?

#48 KabatiLaVitabu

Soma #11, kisha #12, kisha mjibu Mama wa #13.